Kagueni miguu kwanza

Ndugu mwandishi, umemsifu farasi aina ya Tennessee Walker hadi nikatamani, ila mateso hukuyagusia. Kuna waliowapaka farasi hawa kemikali za kuwaunguza miguu ya mbele, ili kwa maumivu wainyanyue juu zaidi kwenye maonyesho. Marekani ilipitisha sheria ya kuwalinda mwaka 1970, na wapo wanaoikwepa hadi leo. Mnunuzi apapase juu kidogo ya kwato: akikuta makovu, au farasi akivuta mguu kwa kushtuka, aondoke zake.

Mwenye kiuno kibovu kama mimi, namshauri achague farasi aina ya Paso wa Peru. Mwendo wake hauturushirushi kwenye tandiko, na miguu ya mbele huizungusha kwa nje kama muogeleaji. Wa Iceland naye, ingawa mfupi, hubeba mtu mzima vizuri tu.