Kabla ya kumlaumu mtoto kwa bando lililokwisha

Huenda umewahi kununua bando jioni, ukaamka asubuhi na kukuta limekauka. Anayeshukiwa kwanza ni yule kijana wa kidato cha nne. Ngoja kidogo. Ipo programu ya bure iitwayo Wireshark, inayonasa na kuonyesha kila mawasiliano yanayoingia na kutoka kwenye kompyuta. Wanafunzi wa mitandao vyuoni wanaifahamu.

Taabu ni kuiweka. Wengi huifungua wakaambiwa hakuna mtandao wowote ulioonekana, ilhali intaneti inafanya kazi! Mara nyingi kosa ni la mkono wetu mwepesi wa kubonyeza bila kusoma. Katika Windows, Wireshark haina macho yake yenyewe. Huazima ya programu nyingine ndogo, Npcap. Ukiikataa wakati wa kuweka, orodha itabaki tupu. Basi rudia kuweka, uikubali Npcap, kisha uzime kompyuta na kuiwasha upya. Kwa wanaotumia Ubuntu, shida huwa ni ruhusa: jiongeze katika kundi liitwalo wireshark, utoke kwenye akaunti yako, uingie tena. Hapo pa kutoka ndipo wengi husahau, wakaishia kuitukana mashine.

Orodha ikishajaa, chagua mtandao ambao mstari wake unapanda na kushuka. Ule ulionyooka hauna kitu, hata ukiukodolea macho hadi alfajiri.

Sasa wewe mzazi uliyeanza kutabasamu, sikiliza. Programu hii haitakusomea jumbe za WhatsApp za mwanao; zimefungwa kwa msimbo tangu 2016. Hata simu yake hutaiona, isipokuwa laptopu yako ndiyo inayoigawia intaneti. Na kunasa mawasiliano ya majirani mnaotumia Wi-Fi moja bila idhini ni kosa kwa sheria ya Kenya ya 2018 kuhusu uhalifu wa mitandao.

Tazama mashine yako. Iache inase usiku kucha, kisha ufungue Statistics, halafu Endpoints, upange kwa wingi wa baiti. Anwani iliyokula zaidi itakuwa juu. Kisha andika dns katika kisanduku cha kuchuja, usome majina ya tovuti zilizoulizwa. Ukikuta mengi yana neno windowsupdate, laptopu yenyewe ndiyo iliyokuwa ikijipakulia masasisho nyote mkiwa mmelala, na kijana unamwia radhi.