Vipele vya Uso na Mafuta ya Sokoni

Ninyi mama na dada mnaokuja kwetu mkificha uso kwa kitambaa, sikilizeni. Vipele si vya vijana peke yao. Mtu wa miaka 30 au 40 aweza kuvipata, wala si alama ya uchafu au ya dhambi, hata wengine wakisema hivyo mlangoni mwa kanisa. Mafuta ya mwili yanaziba vitundu vya ngozi, vidudu vinazaa mle, mahali panavimba.

Mimi naogopa zaidi yale mafuta ya kugeuza rangi. Mengi yana klobetasoli, dawa kali sana. Siku za kwanza uso unapendeza, majirani wanasifu. Baadaye ngozi inakuwa nyembamba, vipele vinazidi, na mtu akiacha, uso unawaka kama pilipili. Basi anapaka tena.

Unawe mara mbili kwa siku kwa sabuni isiyo kali, usisugue, usikamue. Dawa tunayowapa inataka miezi miwili au mitatu. Mwenye mimba aseme kwanza. Na kama umezoea yale mafuta, usiyaache peke yako. Uje nayo kwa munganga, tusome maandiko yake pamoja.