Mwani Nao Una Wenyewe

Bei ya karafuu ikitikisika, redio hutangaza na baraza zote hujadili. Mwani, uliolimwa kwa biashara Paje na Jambiani tangu 1989, hauna msemaji. Wakulima wake, wengi wao akina mama, huinama majini kila bamvua. Magazeti hufika pwani hoteli inapofunguliwa. Wako hata wananchi wanaoiita kazi hii ya kupitishia wakati, ilhali ndiyo sare na madaftari ya watoto. Kotonii, mwani wa bei nzuri, unakufa kwa joto la bahari. Umebaki spinosamu, wa bei duni. Maji ya kina yangeunusuru, lakini huko kwataka chombo na kujua kuogelea. Tunawauliza viongozi wahusika: vyombo hivyo vitatoka wapi, na mama hawa watafunzwa kuogelea lini?