Laini ya umeme ije, lakini fedha za fidia ziwe tayari kabla ya bikoni



Kuna jambo linalotukera wakulima wengi wa mkoa wa Singida: namna njia za umeme wa msongo mkubwa zinavyopimwa juu ya mashamba yetu, kisha watu wakaachwa wakisubiri fidia.

Nyaya hizi si ngeni kwetu. Laini ya kilovoti 220 inayotoka Mtera, ikapita Dodoma na Singida kwenda Shinyanga, tumeishi nayo kwa miaka mingi. Ikafuata ya kilovoti 400 kutoka Iringa hadi Shinyanga, kilomita 670, kisha ile inayotoka Singida kwenda Arusha na Namanga, kilomita 414 kwa upande wa Tanzania, inayounganisha gridi yetu na ya Kenya. Bwawa la Julius Nyerere lina uwezo wa megawati 2,115, na umeme huo lazima usafirishwe hadi Kanda ya Ziwa na kaskazini. Anayetazama ramani ataona kuwa njia yake ni hapa kwetu. Mitambo ya upepo tunayoahidiwa kila mara nayo, ikijengwa, itataka laini zake. Kwa hiyo wapimaji watarudi tu.

Wala sipingi umeme. Ninacholalamikia ni kile kipindi kati ya bikoni na malipo.

Wapimaji hupita na kuchimbia bikoni, yaani vigingi vya mipaka ya njia. Wathamini huja nyuma yao na fomu, wakahesabu vyumba, miti na makaburi, wakampiga picha mwenye shamba akiwa ameshika kibao cha namba yake. Kisha mkutano wa kijiji huambiwa kwamba kuanzia siku hiyo chochote kitakachoongezwa ndani ya mkuza, yaani eneo la njia ya umeme, hakitalipwa. Naelewa sababu ya katazo hilo, maana bila hilo wajanja wangeotesha vibanda na miche usiku kucha ili wavune fidia. Lakini tarehe ya kuzuia hutangazwa kwa sauti, na tarehe ya kulipa haitajwi.

Hapo ndipo maisha yanaposimama. Tembe la udongo linataka kukandikwa na kurekebishwa paa kila kiangazi, kabla ya mvua. Mwenye nyumba iliyowekwa alama ya X ya kupisha mradi anajiuliza: nikiezeka upya, si nitakuwa nimetupa fedha? Anaacha. Mvua za Desemba zinakuja, ukuta unalainika, na familia inahamia chumba kimoja. Kule Manyoni watu wamehimizwa kupanda korosho, zao linalochukua miaka kadhaa kabla ya kuzaa. Nani atapanda mkorosho mahali ambapo mti mrefu hauruhusiwi kabisa, na asijue mradi unaanza mwaka huu au mwaka wa tano? Kisima hakichimbwi, choo kikijaa hakijengwi kingine. Kijana anayetaka kuoa hajui ajenge wapi, kwa sababu baba hajajua atabakiwa na kipande gani. Mengi ya haya nimeyaona kijijini kwetu, katika mradi mmoja wa umma ambao sitautaja, na yaliwapata watu ambao hawakuwahi kukataa kupisha.

Sheria haikutuacha yatima. Ibara ya 24 ya Katiba inalinda mali ya mtu na inataka fidia inayostahili. Sheria ya Ardhi ya 1999 inataka fidia iwe kamili, ya haki na ilipwe kwa wakati. Kanuni zake za 2001 zinahesabu posho ya usumbufu, usafiri na makazi, mbali na thamani ya ardhi na maendelezo, na malipo yakipita miezi 6 yanadaiwa riba. Sheria ya Uthamini ya 2016 imeongeza kwamba uthamini wa fidia una uhai wa miaka 2. Shida ni kwamba mkulima hapewi nakala ya fomu aliyotia dole gumba, na hajui saa ya miezi 6 imeanza kuhesabiwa lini. Riba asiyojua kuwa anadai, ataidai vipi?

Tuambiwe pia ukweli kuhusu umeme wenyewe. Laini ya kilovoti 400 haiwezi kuchomolewa waya ukapelekwa nyumba ya jirani. Lazima kwanza kijengwe kituo cha kupoza umeme, kisha nguzo za usambazaji. Afisa akisimama mkutanoni akaacha watu waamini kwamba minara ikisimama taa zitawaka, anawadanganya kwa kunyamaza. Kijiji kinachopitiwa na minara kingestahili kutangulizwa katika miradi ya Wakala wa Nishati Vijijini (REA).

Tena umeme hauko peke yake. Mkoa huu umetoa ardhi kwa bomba la mafuta ghafi la Hoima hadi Tanga, na kwa reli ya kisasa inayopita Manyoni na Itigi. Watu wetu wameshapisha mengi.

Naiomba Wizara ya Nishati, TANESCO na halmashauri zetu zikubaliane jambo moja kabla ya laini ijayo: bikoni isichimbiwe mpaka fedha za fidia ziwe zimetengwa. Tarehe ya mwisho ya kulipa ibandikwe kwenye ubao wa ofisi ya kijiji siku ileile ya katazo, na kila mwenye shamba, mke na mume, apewe nakala ya fomu yake. Tarehe hiyo ikipita bila malipo, wananchi waruhusiwe kwa maandishi kuendelea kulima na kujenga, na uthamini urudiwe kwa bei za wakati huo.

Mkulima,
Ikungi, Singida