Kadi Ile Ile, Ada Mara Tano

Kampuni ya Nairobi inapomlipa dereva moja kwa moja kwenye kadi yake, mtandao wa kadi hauulizi dereva yuko wapi. Tarakimu za mwanzo za namba ya kadi hutaja benki iliyoitoa. Nchi ya benki hiyo hulinganishwa na nchi ambako mlipaji amesajiliwa na benki inayompitishia malipo. Zikifanana, malipo ni ya ndani. Zikitofautiana, yamevuka mpaka. Basi dereva mwenye kadi ya benki ya Dar es Salaam huhesabiwa yuko ng'ambo hata akiwa amesimama mlangoni pa ofisi inayomlipa. Sarafu, ambayo wengi hudhani ndiyo kipimo, si kigezo hapa.

Kanuni hii si ya kipuuzi. Nchi mbili maana yake ni sheria mbili, ukaguzi zaidi wa utakatishaji fedha, na mara nyingi ubadilishaji wa sarafu. Kazi hiyo ina gharama, nani atabisha? Shaka yangu iko kwenye bei.

Tazama Uingereza. Ilipokuwa chini ya sheria za Umoja wa Ulaya, ada inayokwenda kwa benki iliyotoa kadi mtu anaponunua ilikuwa na ukomo wa asilimia 0.2 kwa kadi za debiti na 0.3 kwa za mkopo. Ukomo huo ukakoma kwa biashara kati ya pande hizo mbili baada ya 2020. Oktoba 2021, Visa na Mastercard walipandisha ada ya manunuzi ya mtandaoni kati ya pande hizo hadi asilimia 1.15 kwa kadi za debiti na 1.5 kwa za mkopo. Mnunuzi wa Paris, duka la London, mitambo: vyote vilibaki vile vile. Desemba 2024, mdhibiti wa mifumo ya malipo wa Uingereza alikadiria kuwa wafanyabiashara wa huko wanabeba mzigo wa ziada wa pauni milioni 150 hadi 200 kwa mwaka.

Hayo ni manunuzi, ila malipo ya kwenda kwenye kadi hupimwa kwa rula hiyo hiyo. Kampuni kubwa hufungua tawi la kweli katika nchi ya mpokeaji, ikapata benki ya hapo, na malipo yake yakawa ya ndani. Kampuni ya watu wanne haiwezi. Benki kuu zetu zidai kila ada ya mpaka ichanganuliwe: ukaguzi kiasi gani, sarafu kiasi gani, na kinachobaki kinalipia nini.