Ada ya kadi na faida ya duka la nyumbani

Kwa majuma kadhaa sasa barua zinazoletwa katika ukumbi huu zimekuwa zikirudia suali moja kwa sura mbalimbali. Akina mama wanaoshona mabuibui, wanaodarizi kofia, wanaotengeneza udi wa kufukiza na kusaga bizari majumbani mwao, wamefungua maduka madogo katika intaneti, na jamaa walioko Muscat, London na Toronto wanataka kununua. Kinachokwama ni malipo. Mteja aliyeko Uingereza hana laini ya simu ya kwetu ya kumlipia muuzaji; alicho nacho ni kadi ya benki. Naye muuzaji, akiuliza gharama ya kupokea kadi, hutajiwa asilimia ambazo huonekana ndogo mpaka atakapokaa na kuzipigia hesabu.

Tuanze na safari ya fedha yenyewe. Mteja anapoandika namba za kadi yake, malipo hayaendi moja kwa moja kwa muuzaji. Ipo benki iliyompa mteja kadi, upo mtandao wa kadi kama vile Visa au Mastercard, ipo benki inayompokelea muuzaji, na mara nyingi ipo kampuni ya kati inayoziunganisha zote hizo na duka. Kila mmoja huchukua chake. Fungu kubwa kwa kawaida huishia katika benki iliyotoa kadi, na fungu hilo liliwahi kuwa zito kiasi cha kuufanya Umoja wa Ulaya uliwekee mpaka: tangu Desemba 2015, kwa kadi za watu binafsi, halizidi asilimia 0.2 kwa kadi inayotoa fedha za mteja mwenyewe katika akaunti, na asilimia 0.3 kwa kadi ya mkopo. Muuzaji mdogo wa kwetu hana sauti katika mapatano ya mabenki hayo. Alilo nalo mkononi ni kuchagua kampuni ya kati, na kuelewa namna anavyotozwa.

Hapo ndipo penye mtego, nao si asilimia peke yake. Tuchukue bei zilizozoeleka Marekani, kwa kuwa hutangazwa waziwazi. Kampuni ya Stripe, iliyoanzishwa mwaka 2010, humtoza muuzaji wa huko asilimia 2.9 ya kila mauzo, na juu yake senti 30. Anayeuza buibui la dola 100 hukatwa dola 3 na senti 20, na hatanung'unika. Lakini anayeuza pakiti ya udi ya dola 5 hukatwa karibu senti 45, yaani takriban asilimia 9 ya bei. Ikiwa malighafi, kifungashio na kazi vimemgharimu dola 3 na senti 80, faida yake ilikuwa dola 1 na senti 20, na zaidi ya theluthi ya faida hiyo imeondoka kabla hajagusa fedha. Asilimia ni ileile kwa mkubwa na mdogo. Zile senti 30 ndizo zinazomuumiza mdogo. Na kama kadi imetolewa nje ya Marekani, kampuni hiyo huongeza asilimia 1.5, na fedha ikibadilishwa huongezwa asilimia 1 nyingine.

Dawa yake imo katika namna ya kuuza. Pakiti tano za udi zikinunuliwa mara tano, makato ni dola 2 na senti zaidi ya 20. Zikinunuliwa kwa mkupuo mmoja wa dola 25, makato ni dola 1 na senti mbili au tatu tu. Muuzaji mwenye akili atazifunga pakiti tano katika kifurushi kimoja cha zawadi, au atatangaza kuwa mzigo wa kusafirishwa nje ya nchi haupungui thamani fulani. Hata gharama ya posta itamshukuru.

Kuna ada nyingine ambayo watu huitia saini bila kuisoma, nayo ni ya kila mwezi. Tufanye mfano wa kubuni. Kampuni ya kwanza inatoza asilimia 3.5 na haidai chochote kwa mwezi. Ya pili inatoza asilimia 2.5 lakini inataka shilingi 30,000 kila mwezi, uuze usiuze. Tofauti ni asilimia moja, na asilimia moja haifikii shilingi 30,000 mpaka mauzo ya kadi ya mwezi yafike shilingi 3,000,000. Mama anayeuza bizari ya laki mbili kwa mwezi, akichukua kampuni ya pili kwa sababu tu asilimia yake ni ndogo, atalipa shilingi 35,000 badala ya 7,000. Kwa maduka ya kiwango hiki ushauri wetu hauna kigugumizi: kataeni ada ya mwezi, kataeni ada ya kufungua akaunti, na ulizeni kama ipo ada ya kufunga.

Zamani aliyetaka kupokea kadi alilazimika kufungua akaunti maalumu ya biashara katika benki, na benki zilidai karatasi na dhamana ambazo mshonaji wa nyumbani hana. Kampuni kama PayPal, iliyoasisiwa mwaka 1998, zilikuja na utaratibu wa kuwakusanya wauzaji wengi wadogo chini ya mwavuli mmoja. Katika Afrika Mashariki kazi ya namna hiyo hufanywa na kampuni kama Pesapal ya Nairobi, iliyoanza mwaka 2009, ambapo mteja hukuta kadi na malipo ya simu katika ukurasa mmoja. Wala si lazima kuwa na tovuti. Kampuni nyingi hutoa kiungo cha malipo ambacho muuzaji humtumia mteja kwa WhatsApp, mteja akakibonyeza na kulipa. Kwa mteja wa hapa nyumbani, aendelee na lipa namba au till. Hakuna sababu ya kumpitisha katika kadi.

Mwavuli huo una kasoro yake. Kwa kuwa kampuni haikujui, huweza kuzishikilia fedha zako kwa muda, na PayPal yenyewe imeandika kuwa hufanya hivyo hadi siku 21 kwa wauzaji wapya. Mwenye mtaji wa kununulia kitambaa cha wiki ijayo aliulize hilo kabla ya kuuliza asilimia.

Na hapa tunataka kusimama kidogo, kwani jambo hili limeingia katika nyumba nyingi. Wengine humwomba binamu aliyeko Marekani au Uingereza afungue akaunti kwa jina lake, apokee malipo ya kadi, kisha atume fedha nyumbani. Nia ni njema. Lakini mbele ya kampuni na mbele ya mamlaka ya kodi ya huko, mauzo hayo ni ya binamu. Mteja akidai kurudishiwa fedha, hukatwa binamu. Kampuni ikigundua kuwa mwenye biashara halisi ni mwingine, huweza kuifunga akaunti fedha zikiwa ndani. Udugu uliodumu miaka hutiwa nyufa na dola mia mbili. Anayelazimika kupita njia hiyo basi amfanye binamu mshirika wa kweli katika biashara, na mapatano yaandikwe, kama tulivyoamrishwa kuandikiana madeni.

Suali tulilopokea mara nyingi kuliko yote ni hili: je, ada anayokatwa muuzaji si riba? Sisi si mamufti, tutaeleza yaliyokwisha kuamuliwa. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha 12 kilichofanyika Riyadh Septemba 2000, lilitoa azimio namba 108 kuhusu kadi za mkopo. Lilikataza kadi yenye sharti la riba, hata kama mwenye kadi ana nia ya kulipa ndani ya muda aliopewa. Ama kadi isiyo na sharti hilo, iliruhusiwa, na benki ikaruhusiwa kuchukua kamisheni kwa mfanyabiashara, kwa sharti kwamba bei ya anayelipa kwa kadi iwe sawa na bei ya anayelipa taslimu. Kwa hiyo kamisheni imetazamwa kuwa ni ujira wa huduma. Jamaa zetu wengi walioko nje hulipa kwa kadi inayotoa fedha zao wenyewe katika akaunti, na hapo suala la mkopo halipo. Kwa mteja mwenye kadi ya riba, mkataba wa riba ni baina yake na benki yake, ilhali muuzaji hupokea thamani ya bidhaa. Hata hivyo mwenye wasiwasi achukue mkataba wake na kampuni, aupeleke kwa sheikh anayemwamini, kwani mikataba hutofautiana. Baadhi ya kampuni hizi pia huwapa wauzaji fedha za kukuza biashara, zikakatwa kidogokidogo katika mauzo pamoja na nyongeza. Hilo ni jambo jingine kabisa, na lisipokelewe kwa sababu tu limetokea kwenye simu na kitufe cha kukubali.

Sharti la bei moja lina athari katika upangaji wa bei. Usimwandikie mteja wa kadi bei yake na wa taslimu bei yake. Ipange ada ndani ya bei ya wote. Ukitaka kubaki na shilingi 20,000 na makato ni asilimia 3.5, usiongeze asilimia 3.5 juu ya 20,000, kwa sababu makato hukokotolewa katika jumla mpya na utapungukiwa. Gawanya 20,000 kwa 0.965, upate 20,725 na ushei. Tofauti ni ndogo, ila kwa mauzo mia moja ni fedha ya umeme.

Lililobaki ni amana. Tumesikia wauzaji wanaomwambia mteja apige picha kadi yake mbele na nyuma, waitume, nao wajaze namba wenyewe. Hili lisifanywe kabisa. Kanuni za usalama za mitandao ya kadi zinakataza kuhifadhi ile namba fupi ya siri iliyochapwa kwenye kadi baada ya malipo kuidhinishwa, na picha iliyobaki katika simu ya muuzaji ni hifadhi. Simu ikiibiwa, aliyeibiwa ni mteja. Ukurasa wa malipo wa kampuni ndio mahali pake: mteja aandike huko mwenyewe, na muuzaji asizione namba hizo hata kidogo.

Pia muuzaji atunze risiti ya posta, picha ya mzigo uliofungwa na mazungumzo yake na mteja. Mwenye kadi ana haki ya kuiambia benki yake kuwa hakupokea alichonunua, na katika hali nyingi anaweza kufanya hivyo hata baada ya miezi mitatu. Fedha hurudishwa kwake kwanza, na muuzaji hutakiwa kuleta ushahidi. Stripe humtoza muuzaji wa Marekani dola 15 kwa kila pingamizi la aina hiyo, ambazo ni pakiti tatu nzima za udi. Risiti hizo zisitupwe kabla ya miezi minne kupita.