Kabla Ununue Taa, Nunua Simiti

Nitasema na mkasirike: pagola nyingi mnazoposti ni mitego.

Sikizeni. Huku Plateau kila boma lenye nyasi kidogo sasa linataka pagola. Nguzo nne, taa za kamba, viti vya paleti, picha, kwisha. Uliza kilicho chini ya nguzo. Ni mti uliopakwa oili chafu, ukatumbukizwa kwa shimo la futi moja, halafu simiti kidogo juu kama sukari ya keki.

Najua kwa sababu nilijenga hivyo. Nilipoacha chuo nilitaka kumfanyia mathe kitu cha maana nyuma ya nyumba. Fundi akaniambia, "Kijana, hapa ni mifuko mitatu." Nikamwambia mmoja unatosha. Pesa iliyobaki nikanunua taa. Video ikapata laiki kibao.

Mvua ya mwaka wa pili ilipokuja, nguzo mbili zilikuwa zimeoza pale mti unapokutana na udongo. Upepo wa jioni moja ukalaza kitu yote. Binamu yangu mdogo alikuwa ametoka hapo kuchukua chai. Dakika mbili hivi. Majirani wakamlaumu fundi, na mimi nikanyamaza. Hiyo kunyamaza ndiyo bado inaniuma.

Mtaniambia nguzo za stima zimesimama kwa udongo miaka na miaka. Sawa. Hizo zimetiwa dawa kwa presha, na viwanda vya kazi hiyo viko hapa Eldoret. Tena nguzo ya mita 10 inazikwa zaidi ya mita moja na nusu. Wewe umepaka oili ya lori na brashi. Msijilinganishe.

Kazi yenyewe si siri. Chimba sentimita 60 kwenda chini, upana 45 kila upande. Shindilia. Karai moja ya simiti, mbili za mchanga, nne za kokoto. Maji kiasi, konkriti ikiwa kama uji umeiharibu. Ipandishe juu ya udongo kidogo, uiteremshe pembeni ili maji yasikae.

Mtu wa weldingi akutengenezee kiatu cha chuma: mguu unaoingia ndani ya konkriti, masikio mawili ya kushika nguzo kwa boliti, na nguzo ikae inchi moja juu, isiguse konkriti. Mti ukinyonya maji chini, oili haitakusaidia. Vuta kamba, weka pima maji kabla haijashika. Mwagilia siku saba. Juu funga mbao za mshazari, kwa sababu kiatu peke yake hakizuii pagola kuyumba. Na ukiweka mabati, ongeza msingi, maana upepo sasa una kitu cha kubeba.

Nilienda kwa yule fundi nikamwomba msamaha mbele ya mathe. Akacheka, akaitisha mifuko mitatu. Safari hii nilileta mitatu.

Najua hakuna mtu atalaiki shimo. Lakini wageni wako hawakai chini ya laiki, wanakaa chini ya mbao. Mkitaka kubishana na mimi, kwanza chukueni jembe mchimbe kando ya nguzo yenu. Mtakachokuta, mniambie.